Saa ya baba imerudi na Ijumaa ya Kihispania

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii nimejaribu kuikata mara tatu haikatiki, kwa hiyo kama lazima mpunguze basi punguzeni kwingine, pale kwenye siku za Kiarabu paacheni kama palivyo maana hapo ndipo penyewe.

Mimi ni mkazi wa Pasua hapa Moshi, kwetu ni Kibosho, na kwa miaka kumi na kitu sasa nakusanya saa za mkono. Niseme mapema kabla mtu hajanisemea, saa zangu nyingi ni kopi. Ninazo 31, na kati ya hizo 22 ni kopi za saa za zamani, yaani saa imetengenezwa juzi juzi China lakini imevalishwa sura ya saa ya miaka ya 50 au ya 60 au ya 70, kioo cha plastiki kilichovimba katikati, uso mweusi wenye vidoti vya rangi ya chai ya maziwa ili ionekane imezeeka, hata mkanda wa ngozi umesuguliwa uonekane umeshavaliwa na babu wa mtu. Watu wakisikia saa feki wanamfikiria kijana wa mjini anayetaka aonekane ana hela. Sisi siyo hao. Sisi tunapenda saa za zamani kwa moyo wote, na hela ya kununua zile zenyewe hatuna, basi.

Tuko kama saba hivi. Jumapili tukitoka kanisani tunakutana kijiwe cha kahawa karibu na Double Road, kuna mwalimu mstaafu, kuna muuza vipuri vya pikipiki, kuna mangi mmoja anaongoza wageni mlimani, kuna jamaa wawili wanapanda Coaster toka Arusha, na kila mtu anakuja na saa yake moja au mbili zimefungwa kwenye kitambaa, tunazitandaza mezani, tunafungua migongo, tunapitisha lenzi jicho kwa jicho. Tunaweza kubishana mpaka birika la kahawa liishe kuhusu mshale wa sekunde tu, kama kwenye saa yenyewe ulikuwa unafika kwenye vidoti au unaishia kabla, na nani kaiga vizuri na nani kalipua kazi. Rolex ile ya wazamiaji, Submariner, ilianza kuuzwa 1954. Omega Speedmaster ni 1957 na ndiyo iliyokuwa mkononi kwa Buzz Aldrin alipotembea mwezini Julai 1969. Ile Rolex Daytona ambayo Paul Newman mwenyewe alikuwa anavaa, yule mwigizaji wa Marekani, ilipigwa mnada New York Oktoba 2017 ikaenda kwa zaidi ya dola milioni 17. Sasa mwalimu mstaafu wa Moshi atavishikia wapi vitu hivi? Kopi inampa umbo. Inampa uzito mkononi, inamwonyesha kwamba saa za wanaume enzi hizo zilikuwa ndogo, milimita 34 mpaka 36, siyo haya masufuria ya 44 ya siku hizi, inamwonyesha ile plastiki ya kioo ikichubuka unaisugua kwa dawa ya meno na kitambaa inarudi safi, kitu ambacho kioo kigumu cha sasa hakikubali.

Na mimi ufundi kidogo nilionao nimejifunzia kwenye kopi. Mashine nyingi za ndani ni za Kichina zilizoigwa kutoka Miyota 8215 ya Japani, bei yake ndogo, ukiteleza na bisibisi ukakata waya wa nywele (ile springi nyembamba inayopumua) hujamvunjia mtu urithi wake. Nimeua mashine kama tano hivi mpaka nikajua kuifungua saa na kuirudisha ikatembea.

Tena siyo kila saa inayofanana na ya zamani ni ya uongo. Seiko wenyewe mwaka 2017 walitoa upya saa yao ya kwanza ya kuzamia ya 1965, wakaandika kabisa kwamba ni toleo jipya. Sea-Gull wa Tianjin wanatengeneza saa ya vitufe viwili ya kupimia muda yenye sura ya ile ya marubani wa jeshi la anga la China ya 1963, na mashine yake asili yake ni mitambo waliyonunua Uswisi kwa kampuni ya Venus, hawafichi, ndiyo sifa wanayojivunia. Kuna wengine wanaiga umbo halafu wanaweka jina lao usoni. Hapo sina neno. Shida inaanzia pale saa inapodanganya jina lake, na shida kubwa zaidi, hii ndiyo imenifanya nishike simu niandike, ni pale inapodanganya umri wake.

Sasa niseme ya kwangu.

Baba alinunua Seiko 5 yake Desemba 1977. Mimi nilikuwa sijazaliwa, nasimuliwa na mama, na mama tarehe hiyo anaikumbuka kwa sababu ya kahawa. Brazil walipigwa na baridi kali Julai 1975, mibuni yao ikaungua, bei ya kahawa duniani ikapanda ikapanda mpaka 1977 ikawa haishikiki, na ingawa huku kwetu vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka uliotangulia na hela haikumfikia mkulima yote, ya saa ilifika. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari kwa hiyo habari ya kwenda kununua Taveta hakuna, akainunua hapa hapa Moshi mjini kwenye duka la Mhindi, akapanda Kibosho kwa miguu, mkono wa shati umekunjwa upande mmoja tu, wa kushoto.

Nyuma ya ile saa kuna namba. Wenye Seiko za zamani hebu zigeuzeni muone, zile tarakimu nne za kwanza kabla ya kistari ndiyo jina la mashine iliyomo ndani, ya baba ni 6309, na ile namba nyingine ya peke yake tarakimu yake ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi, ya baba inaanza na 75, yaani Mei ya mwaka unaoishia na 7. Kwa hiyo saa ilitoka kiwandani Mei 1977 ikafika Moshi kabla ya Krismasi, na hadithi ya mama inakubaliana na chuma.

Kwenye uso kulikuwa na kidirisha cha siku na tarehe. Siku zilikuwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kiarabu, unachagua. Baba aliiacha kwenye Kiingereza, lakini sisi watoto tulikuwa tunamsumbua kila jioni baba geuza, baba geuza, na akiwa kwenye mudi nzuri alivuta kile kitufe cha pembeni akazungusha mpaka Kiarabu kikatokea. Familia nzima Wakatoliki, hakuna aliyejua hata herufi moja, ila siku moja tuliijua wote. Ijumaa. Fundi mmoja miaka ya 80 alidondoshea mafuta kwenye ile duara ya siku na Ijumaa ya Kiarabu ikafifia upande wa kushoto, basi tukiona ile iliyofifia tunajua kesho hakuna shule, tunaruka ruka kwenye migomba kama wendawazimu na baba anacheka.

Baba alifariki 2014. Saa ikabaki kwa mama, kabatini, kwenye vitenge. Mwaka 2021 mwishoni nikaitoa, nikaitikisa, mshale wa sekunde ukatembea hatua chache ukasimama. Ilikuwa inahitaji kusafishwa tu na kutiwa mafuta mapya, mashine zile zinakaa miaka mingi bila kuguswa halafu mafuta yanaganda yanakuwa kama gundi. Mimi mwenyewe nikaogopa kuigusa, mkono wangu ni wa kopi, nikaipeleka kwa fundi anayesifika katika mji mmoja huku Kaskazini, simtaji jina wala mji. Wiki tatu, shilingi 60,000. Ikarudi inang'aa. Mama aliivaa siku hiyo hiyo, akaniambia mpaka usiku inawaka mwanangu, enzi za baba yako ilikuwa haiwaki. Nikafurahi! Hapo ndipo ningetakiwa kushtuka, mimi mkusanyaji wa miaka yote, nikafurahi.

Ijumaa Kuu ya 2022, baada ya Njia ya Msalaba, tukakutana kijiweni maana wote tulikuwa mapumziko, na nilikuwa nimeomba saa kwa mama niwaonyeshe wenzangu. Mwalimu akasema hebu tuone hizo siku za Kiarabu unazotuhadithia kila siku. Nikavuta kitufe nikazungusha. Ikatokea VIE. Nikazungusha tena nikadhani imekwama, ikaja FRI, halafu VIE. Hakuna Kiarabu. Yule mangi wa mlimani, ambaye Kihispania anakijua kwa sababu ya wageni, akainama akaangalia akasema taratibu, hiyo ni viernes. Ni Ijumaa ya Kihispania.

Mhariri, mwili wangu uliingia baridi.

Tukafungua mgongo pale pale. Kile kipande cha nusu duara kinachozunguka ndani kimeandikwa 7S26. Hiyo ni mashine ya Seiko kweli, nzuri tu, imo kwenye mamilioni ya saa, lakini imeanza kutengenezwa 1996. Mashine ya 1996 au baada ya hapo ndani ya saa ya 1977. Tukaweka lenzi kwenye uso. Herufi nene, kingo zimetambaa, zile namba ndogo ndogo zinazokaa chini kabisa pembeni mwa namba sita hazipo. Uso umepakwa upya. Na vile vidoti vilivyompendeza mama usiku ni rangi ya juzi. Kilichobaki cha baba ni bodi na mgongo, na ndani ya mgongo mikwaruzo mitatu ambayo mafundi wa zamani walikuwa wanaandika kwa ncha ya sindano kila wakiihudumia, mmoja ameandika 86, nadhani ndiye huyo wa mafuta.

Yaani saa ya baba imekuwa kopi ya saa ya baba. Mimi mwenye kopi 22 zilizotengenezwa ziwe kopi, sikuwahi kufikiri kwamba unaweza kupeleka kitu halisi dukani kikarudi kopi ya chenyewe, na risiti juu.

Nilirudi kwa fundi. Sikugombana. Akaniambia si inatembea? Nikamuuliza ile ya zamani iko wapi, akasema ilikufa nikaitupa. 6309 haifi hivyo jamani, mtu yeyote wa kazi hiyo anajua, na mtu wa kazi hiyo hatupi mashine nzima yenye duara ya siku ya Kiarabu. Baadaye wakubwa wa kijiweni wakanielewesha jinsi mambo yanavyokwenda, kwamba vitu vya ndani vya zamani vina soko lake, vinaunganishwa na nyuso mpya zilizopakwa rangi kali kali halafu zinauzwa kama saa ya zamani safi. India biashara hii ni kubwa kiasi kwamba wakusanyaji duniani wanaziita saa za Bombay, wanachukua mashine za HMT za kiwanda kile cha Bangalore kilichoanza saa 1961 kwa msaada wa Citizen, au za Seiko, au za Uswisi, na kila kitu kingine ni rangi. Tena ndani kuna mashine ya kweli iliyotoka kwa mtu fulani, kwenye droo ya mjane fulani.

Na hapa lazima niseme na langu, nisiwe natupa mawe tu.

Mwaka 2019 niliuza kopi moja Arusha. Tulikutana pale Clock Tower na kijana mmoja mstaarabu, nikamuuzia saa ya wazamiaji ambayo uso wake niliuzeesha mwenyewe. Njia tulizijua wote kijiweni, unautoa uso, unaupitisha kwenye kahawa nzito au chai ya rangi, unauweka kwenye oveni kidogo au juu ya bati jua la Januari, rangi nyeusi inaanza kugeuka kahawia kama zile saa za kweli zilizokaa kwenye jua la ikweta miaka 50, ambazo wakusanyaji wanazigombania kwa hela nyingi kuliko nyeusi. Nilikuwa najivunia ile kazi. Kijana akaniuliza hii ni ya mwaka gani? Nikamjibu, sura hii ni ya 1965. Sikusema saa hii, nilisema sura hii, na nilijua kabisa atasikia nini.

Baada ya ile Ijumaa Kuu sikulala vizuri karibu wiki mbili, nikapanda gari nikaenda Arusha kumtafuta. Nilibeba hela yake yote. Nikamwambia ukweli wote, kahawa, bati, oveni. Alinyamaza muda mrefu sana halafu akasema kaka ile saa sinayo, nilimpelekea mkwe wangu siku ya kujitambulisha, na mzee anaivaa mpaka leo, kila akija mgeni anamwonyesha, anamwambia hii ni ya mwaka 1965 sawa na mwaka niliooa. Hela alikataa. Akaniomba nisiseme kitu, na sijasema, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa kunyamaza maana siku mzee yule akiipeleka kwa fundi mwaminifu ataambiwa mbele ya watu.

Watu wa Arusha wataelewa ninachosema wakifikiria tanzanaiti. Lile jiwe lilianza kujulikana 1967 pale Mererani, na karibu zote za buluu mnazoziona zimepitishwa kwenye moto, zikichimbwa nyingi ni za kahawia kahawia. Dalali anajua, mnunuzi anajua, wote wanajua moto umepita, bei inapangwa kwa kujua hivyo, hakuna aliyeibiwa. Lakini dalali akikuletea chupa ya bia iliyokatwa vizuri akakwambia ni jiwe, huyo mnamkimbiza mtaa mzima. Uso wa saa niliouchoma mimi ungeweza kuwa kama lile jiwe kama ningesema tu nimeuchoma. Sentensi moja.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Zile kopi zangu 22 zote nimezifungua mgongo, na kwa ncha ya sindano, pale pale mafundi wa zamani walipokuwa wanaandika tarehe zao, nimekwaruza KOPI na mwaka nilionunua. Atakayezirithi akifungua ataona. Wenzangu wanne kijiweni wamefanya hivyo, wawili wamekataa, wanasema nimeharibu saa, tunaendelea kubishana na kahawa tunakunywa pamoja. Kuuza kopi zenye jina la kampuni ya mtu nimeacha kabisa, na najua Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963 na Tume ya Ushindani ndiyo wenye kuisimamia, sibishani nayo. Ila sheria inaangalia jina lililoandikwa usoni, na saa ya baba jina lake ni halali kabisa, Seiko juu Seiko ndani. Hilo la kwetu halijaandikwa popote.

Ndiyo maana naomba kitu kidogo kwa mafundi saa wa Moshi na Arusha, na wengi wenu ni watu waaminifu nawajua, mmoja pale Kiboriloni alinirudishia mpaka skrubu iliyovunjika. Fundi wa gari akikubadilishia plagi anakurudishia ya zamani kwenye mfuko wa nailoni, mbona ninyi msifanye hivyo? Mtu akileta saa, fungua mgongo mbele yake, soma zile namba za mashine, ziandike kwenye karatasi yake, na ukibadilisha kitu mrudishie cha zamani hata kama kimekufa. Kimekufa kwako, kwake labda ndicho anachokitaka.

Na kwa wenye wazee vijijini, Desemba ndiyo hii inakuja, sote tunapanda nyumbani na wale vijana wa mabegi nao wanapanda. Kwetu Kibosho amepita mmoja mwaka jana, anakwenda nyumba kwa nyumba akitafuta saa mbovu za wazee, anatoa mpya inayong'aa anachukua ile iliyosimama, na bibi anashukuru kabisa kwa sababu mpya inatembea. Jirani yetu ametoa Oris ya marehemu mumewe akapewa ya dhahabu ya rangi ambayo wiki ya pili imeanza kumwachia weusi mkononi. Kabla hamjatoa chochote fungueni mgongo, mpige picha ya ndani kwa simu, tumieni watoto wenu. Anayetaka kuwauzia ya zamani naye mpimeni. Subirini giza, zimeni taa, mmulike saa na tochi kidogo kisha mzime, zile saa za Uswisi zilizoandikwa herufi T chini ya uso zilitumia tritiamu ili vidoti viwake gizani, nayo kila baada ya miaka 12 na kidogo nguvu inabaki nusu, kwa hiyo ya miaka ya 60 leo imeshalala, ikiwaka kijani kali na ikakaa hivyo bila kuzimika haraka basi huenda imepakwa jana. Muwekee sikio au muwekee simu, kuna programu za simu zinasikiliza mapigo, Rolex nyingi za miaka ya 60 na 70 zilipiga mara 19,800 kwa saa, kopi nyingi zinapiga 21,600 au 28,800. Mlio haujui kuzeeka kwa kahawa. Ila kitu kimoja tafadhali, zile za zamani zaidi za kabla ya hapo, zenye namba nene za njano zilizoungua, msizikwangue, nyingi rangi yake ni ya radiamu, sumu inayotoa mionzi, na nguvu yake inachukua miaka 1,600 kufika nusu, iacheni ndani ya kioo.

Nimalizie na lililonifanya niandike kwenu na siyo kwa mtu mwingine. Gazeti hili linasomwa Moshi na Arusha, vijiweni, kwenye saluni, kwa mafundi. Kuna mtu huku ana mashine ya Seiko 6309, labda iko kwenye kopo la vipuri, labda ameshaivalisha uso mwingine, labda amenunua saa kwa nia njema hajui chochote. Avute kitufe hatua ya kwanza azungushe siku. Kama ni Kiingereza na Kiarabu, aendelee mpaka afike Ijumaa, na kama ile ya Kiarabu imefifia upande wa kushoto, naomba aandikie gazeti hili. Sitauliza ameipata wapi. Nitalipa bei atakayosema, na nitampa ile 7S26 juu yake maana ni mashine nzima, nimeisafisha mwenyewe. Mama ana miaka 79 na bado hajajua.

Msomaji wenu,
Pasua, Moshi